Kusaini mkopo wa nyumba bima ya mafuriko ikiwa imesimama: uchambuzi wa kisa kimoja cha Texas, Oktoba 2025

Kisa hiki kinatoka kwenye faili la chama kimoja cha akiba na mikopo kusini-mashariki mwa Texas. Majina, mtaa na kila alama ya utambulisho vimeondolewa, na hesabu za fedha ni za kukadiria. Wanunuzi ni mke na mume wenye asili ya Kivu Kusini, wote wameajiriwa, na hii ndiyo nyumba yao ya kwanza kununua Marekani. Dalali wao ni Mkenya, na mazungumzo mengi kati yao yalikwenda kwa Kiswahili. Jambo hilo lilisaidia mahali pamoja na kuharibu mahali pengine, kama itakavyoonekana.

Usuli

Bima ya kawaida ya nyumba nchini Marekani hailipi mafuriko. Moto italipa, wizi italipa, hata mti ukianguka juu ya paa italipa. Maji yakipanda kutoka mtoni au barabarani hadi sebuleni, hailipi. Pengo hilo ndilo lililozaa Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko, ambao wahusika huuita NFIP, kwa sheria ya mwaka 1968. Msimamizi wake ni FEMA, idara ya serikali kuu inayoshughulikia maafa. Tangu sheria ya 1973, nyumba ikiwa ndani ya eneo ambalo ramani za FEMA zinasema lina uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka wa kufurika, mkopeshaji anayesimamiwa na serikali kuu haruhusiwi kutoa mkopo juu ya jengo hilo bila bima ya mafuriko.

Kiasi kinachotakiwa ni kile kidogo kuliko vyote kati ya vitatu: deni lenyewe, thamani ya jengo inayoweza kuwekewa bima, au kikomo cha mpango, ambacho kwa nyumba ya familia moja ni dola 250,000.

Wanunuzi wengi huchanganyikiwa hapa kwa sababu bima hii ya serikali huuzwa na kampuni binafsi kwa nembo zao. Mtu akiona jina la kampuni kwenye karatasi hudhani ana bima ya kampuni. Ana bima ya serikali iliyopita dirisha la kampuni, na serikali ikifunga duka, dirisha nalo linafungwa.

Na duka hufungwa. Mamlaka ya NFIP kuuza bima huisha tarehe inayoandikwa ndani ya sheria, na tangu mwaka 2017 Bunge la Marekani limekuwa likisogeza tarehe hiyo mbele kidogo kidogo, zaidi ya mara 30. Mara chache limechelewa. Mwaka 2010 mpango ulisimama zaidi ya mara moja, na kipindi kirefu kuliko vyote mwaka huo kilianza mwishoni mwa Mei hadi tarehe 2 Julai. Chama cha madalali wa nyumba Marekani kilikadiria kuwa mauzo yapatayo 1,400 kwa siku yalikuwa yakikwama. Safari hii mamlaka yaliisha usiku wa tarehe 30 Septemba 2025, sambamba na kufungwa kwa shughuli za serikali, na hayakurudi hadi tarehe 12 Novemba.

Mpango ukisimama hivyo, bima zilizopo huendelea hadi tarehe zake za kuisha, na madai huendelea kulipwa maadamu fedha zipo. Kinachosimama ni bima mpya, kuhuisha zile zinazoisha, na kuongeza kiwango cha fidia kwenye bima iliyopo. Hilo la mwisho ndilo lililokibana kisa chetu.

Nyumba na mkopo

Bei ilikuwa dola 295,000. Wanunuzi waliweka 59,000 za kwao, akiba ya miaka mingi ya zamu za usiku, wakaomba mkopo wa 236,000. Jengo lilikadiriwa kugharimu 240,000 kulijenga upya. Kiwanja peke yake kilithaminiwa kama 60,000. Kwa hiyo bima iliyotakiwa kisheria ilikuwa 236,000, sawa na deni.

Nyumba iliingia maji wakati wa kimbunga Harvey, Agosti 2017, na mwenye nyumba wa wakati huo alilipwa fidia. Hili halikufichwa. Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inamlazimu muuzaji kusema nyumba yake iliwahi kufurika au la, na fomu ilikuwa imejazwa sawasawa. Wanunuzi waliisoma na kukubali, kwa sababu bei ilikuwa nafuu kuliko mitaa ya jirani na shule ya watoto ilikuwa karibu. Sioni kosa katika uamuzi huo. Nusu ya mji ule una historia ya namna hiyo.

Mtiririko wa mambo

Ofa ilikubaliwa mwanzoni mwa Septemba. Katikati ya mwezi ripoti ya ramani ilirudi: nyumba iko ukanda AE, yaani ndani ya lile eneo la asilimia 1, bima ni lazima. Chama kikawapelekea wanunuzi taarifa ya hatari ya mafuriko ambayo sheria inaidai, mapema kabisa kabla ya siku ya kusaini. Wakala wa bima akatoa makadirio ya bima mpya ya NFIP: takriban dola 2,400 kwa mwaka. Wakashtuka. Dalali akawaambia wasiwe na haraka, watafute bei nyingine, kwani kusaini ni mwishoni mwa Oktoba.

Ushauri huo ungefaa mwezi wowote mwingine. Tarehe ya 30 Septemba haikuwa siri. Wakala aliijua, afisa mikopo aliijua, na habari za serikali kuelekea kufungwa zilikuwa kwenye kila redio. Aliyekamilisha maombi na kulipa ada kabla ya usiku ule, bima yake ingetolewa. Makadirio yalikuwa mezani tangu tarehe 18, na hakuna hata mmoja kati ya watu wanne waliokuwa wakiwasiliana na familia hii aliyewaambia walipe kabla ya mwezi kuisha.

Tarehe 3 Oktoba wanunuzi walirudi kwa wakala wakiwa tayari kulipa. Akawaambia hawezi kuwauzia. Ahadi ya mkopeshaji ya kutowapandishia riba ilikuwa inaisha tarehe 24, na kuiongezea muda kungegharimu fedha ambazo hawakuwa wamezipangia. Muuzaji naye alikuwa anasubiri fedha hizo anunue kwingine.

Njia zilizokuwapo

Wiki mbili zilizofuata zilikwenda katika kupima njia nne.

Kusubiri kuliondolewa haraka. Hakuna aliyejua Bunge lingechukua siku ngapi, na kwa hesabu ya siku iliyokuja kujulikana baadaye, kusubiri kungewapotezea riba na huenda nyumba pia.

Bima ya kampuni binafsi ilijaribiwa kwa dhati. Tangu Julai 2019 wakopeshaji wanalazimika kuipokea ikiwa inakidhi masharti ya sheria. Lakini kampuni binafsi huchagua nyumba zake, na dai la Harvey lilikuwa kwenye kumbukumbu. Mbili zilikataa. Ya tatu ilitaja bei karibu mara tatu ya ile ya serikali na kudai kwanza cheti cha mpimaji kinachoonyesha sakafu iko juu kiasi gani. Kampuni zinazouza bima ya juu ya bima nazo zilisema huanza pale kikomo cha serikali cha 250,000 kinapoishia, kwa hiyo hazikuwa na la kufanya.

Kukopesha bila bima kabisa ndiyo njia iliyowashangaza wengi kusikia kuwa ni halali. Mamlaka tano zinazosimamia mabenki na vyama vya mikopo, katika maswali na majibu waliyoyatoa kwa pamoja Mei 2022, zinasema wazi: bima ya NFIP isipopatikana kwa sababu mpango umesimama, mkopeshaji anaweza kuendelea kutoa mkopo bila bima hiyo. Lakini kazi nyingine zote zinabaki: kuangalia ramani, kumpa mkopaji taarifa kamili kwa wakati, kupima hatari anayoibeba, na kuwa na utaratibu wa kuhakikisha bima inapatikana mara mpango unaporudi. Afisa mikopo mmoja alisoma mstari wa kwanza akaishia hapo. Alitaka hata taarifa ya mafuriko isirudiwe baada ya tarehe ya kusaini kubadilika, akisema, “Tunamwambia anunue kitu ambacho hakiuzwi.” Afisa anayesimamia utii wa kanuni alimkatalia, na alikuwa sahihi. Taarifa ile inamwambia mkopaji nyumba iko kwenye maji, na hilo ni kweli mpango ukiwa wazi au umefungwa.

Njia ya nne ilitoka kwa mwandaaji wa mafaili, mtu ambaye kwa kawaida haombwi maoni. Aliuliza kama muuzaji ana bima. Alikuwa nayo. Bima ya jengo ya NFIP inaweza kuhamishwa kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi pamoja na hatimiliki, muuzaji akiridhia kwa maandishi, na kuhamisha si kuuza bima mpya. Zaidi ya hapo, bei ya muuzaji ilikuwa 1,150 kwa mwaka. Tangu FEMA ilipobadili namna ya kupanga bei mwaka 2021, wenye bima za zamani hupandishwa taratibu, kwa nyumba ya kuishi mwenyewe si zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, na mnunuzi anayehamishiwa bima huendelea na ngazi hiyohiyo. Kwa ada hiyo peke yake, njia hii ingewafaa hata kama serikali isingefungwa. Hakuna aliyewatajia mwezi Septemba.

Tatizo: bima ya muuzaji ilikuwa ya dola 180,000, tena ya jengo tu bila vyombo, na ilikuwa inaisha tarehe 20 Novemba. Pengo la 56,000 lisingeweza kuzibwa, kwa kuwa kuongeza kiwango ni miongoni mwa vitu vilivyosimama.

Uamuzi na sababu zake

Kamati ya mikopo iliamua kusaini tarehe 22 Oktoba kwa bima iliyohamishwa. Hoja iliyoandikwa kwenye faili ni hii: jengo likisombwa lote, bima inalipa 180,000, deni linabaki 56,000, na kiwanja kina thamani ya 60,000. Chama hakipotezi. Kwa kuwa mkopo ulikuwa unabaki kwenye vitabu vya chama chenyewe, hakukuwa na haja ya kuangalia masharti ya Fannie Mae au Freddie Mac, mashirika mawili yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji. Mkopeshaji anayeuza mikopo yake kwao angelazimika kuyafuata pia.

Masharti yaliwekwa matatu. Fomu ya kuongeza kiwango ijazwe na kusainiwa siku hiyohiyo, na ada yake ikatwe kwenye hesabu za kusaini na kushikwa na kampuni ya hatimiliki, ile inayosimamia kusaini na kupitisha fedha. Wanunuzi wasaini karatasi ya kukiri kuwa wanajua kuna pengo. Na muuzaji arudishiwe ada ya siku zilizobaki, kama dola 90.

Mezani yule mama aliuliza swali ambalo hesabu ya kamati haikuligusa. Alimgeukia dalali: “Kaka, hebu niambie vizuri. Maji yakija wiki ijayo, nani analipa nini?” Dalali akamjibu kwa Kiswahili kuwa bima ipo, Mama asiogope. Afisa mikopo alisikia lugha asiyoijua, akaona watu wanaitikia kwa kichwa, akasogeza kalamu.

Matokeo

Tarehe 12 Novemba sheria ilisainiwa na mpango ukaongezewa muda hadi tarehe 30 Januari 2026. Mvua za wiki hizo hazikufikisha maji kizingitini. Kwa jicho la mbali, kisa kimekwisha salama.

Faili linasema vingine. Ada ya kuongeza kiwango ilikaa kwenye akaunti ya kampuni ya hatimiliki hadi wiki ya kwanza ya Desemba. Kampuni ilisubiri maelekezo kutoka kwa chama; chama kilidhani wakala angeidai; wakala alikuwa na foleni ya wateja wa wiki sita na hili lilikuwa dogo kuliko yote. Ilipofika, kampuni ya bima iliweka siku 30 za kusubiri kama ilivyo kawaida ya NFIP kwa anayenunua kwa hiari. Ilibidi chama kiandike barua kueleza kuwa nyongeza ni sharti la mkopo na iliombwa siku ya kusaini, ndipo tarehe ikarekebishwa.

Wakati huohuo bima yenyewe ilikuwa imefika mwisho tarehe 20 Novemba. Bili ya kuhuisha ilitumwa kwa anwani mpya ya muuzaji. Nakala ya mkopeshaji ilikwenda kwa benki ya zamani ya muuzaji, kwa sababu jina la chama halikuwa limeandikwa kwenye bima. Uhamisho ulibadilisha jina la mwenye bima tu. Muuzaji, mtu mwema, alimpigia dalali simu. Ada ikalipwa tarehe 9 Desemba, ndani ya siku 30 za ahueni ambazo NFIP hutoa, na bima haikukatika.

Kama nyumba ingefurika mwezi Novemba, hundi ya fidia ingetoka ikiwa na jina la benki ambayo haidai kitu.

Kilichofanya kazi

Kuhamisha bima ndilo jibu bora lililokuwapo, na lilipatikana kwa kuuliza swali dogo. Nawashauri wanaonunua nyumba kwenye ukanda wa mafuriko, na mawakala wao, waliulize siku ya ofa: muuzaji ana bima ya mafuriko? Ya kiasi gani, inaisha lini, kwa bei gani? Ukurasa mmoja wa tamko la bima unajibu yote.

Msimamo wa kutoruka taarifa ya mafuriko nao ulifaa, na si kwa sababu ya wakaguzi tu. Bila taarifa ile, ile karatasi ya kukiri pengo ingekuwa haina mguu wa kusimamia.

Kilichoshindikana

Hesabu ya kamati ilikuwa sahihi na haikutosha. Tuirudie kwa upande wa familia. Jengo likisombwa, 180,000 zinakwenda kwa mkopeshaji. Kiwanja cha 60,000 kinauzwa, 56,000 zinamaliza deni, wao wanabaki na 4,000, hapo kabla ya makato ya mwanzo ya bima, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe. Waliingia na 59,000. Wakitaka kujenga upya badala ya kuuza, wanakosa 60,000 za ujenzi huku wakidaiwa kila mwezi. Vyombo vyote vya ndani ni hasara yao pia, kwa kuwa mkopeshaji hana haja navyo na bima ya vyombo isingeweza kununuliwa wiki zile. Pengo ambalo chama kiliona limefunikwa na kiwanja lilikuwa limefunikwa na akiba ya wakopaji.

Sisemi mkopo usingetolewa. Nadhani ulistahili kutolewa. Lakini karatasi ya kukiri pengo ilikuwa na aya tatu za kisheria bila hesabu hata moja ndani yake. Namba nne zingetosha, na zingesomeka kwa lugha yoyote: bima italipa hiki, deni ni hiki, kujenga ni hiki, kinachobaki juu yenu ni hiki. Jibu la dalali kwamba “bima ipo” halikuwa uongo, na ndiyo maana lilikuwa baya. Chama kingeweza kuleta mkalimani kwa simu. Huduma hiyo kilikuwa nayo kwa wateja wa Kihispania; kwa Kiswahili hakuna aliyeiomba, kwa kuwa dalali alionekana anaimudu kazi.

Kushindwa kwa pili kuko katika neno moja la mamlaka zile tano: utaratibu. Chama kilikuwa na nia. Faili lina barua pepe tano zinazosema bima iongezwe “mpango ukirudi”. Hakuna hata moja yenye jina la mtu na tarehe. Watu wa mikopo huhesabu kazi imekwisha siku ya kusaini, faili linahamia idara ya huduma, inayosimamia mikopo iliyokwisha kutolewa, na idara ya huduma haikuambiwa kuwa faili hili limeingia likiwa na upungufu. Sheria inampa mkopeshaji njia ya kumwandikia mkopaji, kumpa siku 45, kisha kununua bima mwenyewe kwa gharama ya mkopaji, na bima ya namna hiyo huwa ghali. Familia hii ilikaribia kuandikiwa barua hiyo ilhali ada yao ilikuwa imekwishalipwa na kukaa kwenye akaunti ya watu wengine.

La tatu ni jina la mkopeshaji kwenye bima. Hapa mpango kusimama hauwezi kusingiziwa. Kubadilisha jina hilo hakuongezi kiwango cha fidia, na kungeweza kushughulikiwa Oktoba. Lilisahaulika kwa sababu kwenye bima mpya wakala hulijaza bila kuambiwa, na kwenye bima ya kuhamishwa hakuna anayelijaza asipoagizwa.

Hali ya sasa

Mwezi Desemba chama kilibadilisha mambo mawili. Kila mkopo unaosainiwa ukiwa na bima pungufu unapewa mtu mmoja kwa jina, na faili haliruhusiwi kuhamia idara ya huduma hadi tamko la bima lenye kiasi kamili na jina la chama liwe ndani. Na mamlaka ya NFIP yakibakiza siku 45 kabla ya kuisha, kila mwombaji aliye kwenye ukanda wa mafuriko anapigiwa simu alipe mapema. Kwa kuwa tarehe iliyofuata ilikuwa 30 Januari 2026, simu za kwanza zilianza kupigwa katikati ya Desemba, wiki moja baada ya ada ya familia hii kulipwa.

Karatasi ya kukiri pengo bado ni ileile ya aya tatu.